KISANDUKU CHA UKONGA
Jinsi Kompyuta Ilivyofundishwa Kusema na Redio ya Chama

Na Katibu wa Chama

Ndugu Wanachama,

Napenda kuwaelezeni habari ya kazi mliyonituma kwenda kuifanya bara, kazi ambayo wengine katika mkutano waliiona kuwa ni mchezo wa vijana. Nawaomba mnisomee mpaka mwisho, kisha kila mtu aamue mwenyewe.

Wengi wenu mngali mwaukumbuka ule usiku wa masika ambapo jahazi lililochukua majamvi na magunia matupu ya wenzetu wa Pemba lilichelewa kufika. Ndani yake walikuwamo watu saba. Simu za mkononi hazikupatikana tangu magharibi. Kiasi cha saa tatu ya usiku karani wetu wa Pemba alipata habari za watu hao, akakimbilia kwenye redio ya chama kutuambia sisi wa Unguja. Tuliokuwa ofisini tulisikia sauti ya mtu, lakini mngurumo wa radi uliifunika. Mmoja wetu alisema amesikia "wameokoka". Mwengine akaapa kuwa amesikia "wametoweka". Tuliita tena na tena, tukajibiwa na mngurumo. Basi wake na mama wa watu wale walikesha barazani kwetu wakilia mpaka alfajiri, simu ziliporudi, tukajua kuwa wote saba walikuwa wamelala salama katika nyumba ya mvuvi.

Redio ilikuwapo, betri ilikuwa imejaa, na mtu alikuwapo kila upande. Kilichokosekana ni neno moja kufika wazi. Hilo ndilo lililonipeleka Ukonga.

KWA NINI SAUTI HAITOSHI

Redio yetu ya kuitana hutumia mawimbi mafupi. Kutoka Mjini Unguja mpaka Chake Chake ni zaidi ya kilomita 100, na mawimbi hayo hayafiki kwa kutambaa juu ya bahari peke yake. Huenda juu kama jiwe lililorushwa, yakagonga tabaka la hewa yenye umeme lililoko mamia ya kilomita juu yetu, yakarudi chini upande wa pili. Ndiyo maana hayahitaji mnara wala waya wa chini ya bahari. Lakini njia hiyo hiyo ndiyo ipitayo kelele za radi kutoka mbali, na sisi wa ukanda wa joto radi hatukupungukiwa.

Sauti ya mwanadamu huchukua nafasi pana katika redio, na nguvu yake hutawanyika humo. Alama chache zenye mpango huchukua nafasi nyembamba, na nguvu yote hukusanyika mahali pamoja. Mwenye kumwaga ndoo ya maji uwanjani haloweshi kitu, na mwenye kuimimina ndoo hiyo hiyo katika mfereji mwembamba hufikisha maji shambani.

Zamani alama hizo zilikuwa za mkono, yaani zile nukta na vistari vya Morse, na kujifunza kwake kulitaka miezi. Siku hizi kompyuta huzifanya yenyewe. Mwaka 1998 Mwingereza Peter Martinez aliwapa watu njia iitwayo PSK31, ambayo hupeleka kiasi cha maneno 50 kwa dakika katika nafasi ndogo sana ya mawimbi. Baadaye ikaja njia nyingine iitwayo Olivia, ambayo huenda polepole zaidi, kiasi cha maneno 20 kwa dakika katika mpango tuliouchagua sisi, lakini huweza kusomeka hata pale ambapo sikio la mtu halisikii kitu ila upepo. Mwaka 2017 Wamarekani wawili, Joe Taylor na Steve Franke, walitoa njia iitwayo FT8. Huyo Joe Taylor ndiye yule aliyepata Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 1993 kwa kusikiliza nyota. FT8 ni hodari mno kwa ishara dhaifu, lakini ujumbe wake wa kuandika utakavyo hauzidi herufi 13, na kwa hivyo haifai kwa barua ya karani.

Programu za kazi hii hupatikana bila ya malipo. Kompyuta hugeuza maandishi kuwa milio, redio ikaipeleka milio hiyo, na kompyuta ya upande wa pili ikaigeuza tena kuwa maandishi. Basi yabaki jambo moja tu: nani atawaunganisha hawa wawili, kompyuta na redio, ili wasemezane bila ya kudhuriana? Huyo muunganishi ni kisanduku kidogo. Vilivyotengenezwa viwandani huuzwa ng'ambo kwa bei ambayo mweka hazina wetu alipoisikia alifunga daftari. Nikaambiwa kuwa yupo fundi Ukonga anayevitengeneza kwa mikono yake.

SAFARI YA UKONGA

Niliteremka botini, nikaenda Kariakoo, nikapanda daladala la Gongo la Mboto kwa ile barabara ambayo wazee waiita ya Pugu na vijana waiita ya Nyerere. Utapita uwanja wa ndege, utapita Banana, ndipo uingie Ukonga, ambako watu wengi wa visiwani hawakujui ila kwa jina la gereza lake. Nilishuka kituo kiitwacho Mombasa. Msishangae: nako Ukonga kuna Mombasa.

Fundi mwenyewe ni mtu mzima aliyestaafu kazi ya mitambo, na ana leseni ya redio ya ridhaa. Hakupenda jina lake litiwe gazetini. Karakana yake ni chumba kimoja cha uani chenye meza, feni, na makopo ya vifaa vilivyofunguliwa kutoka vyombo vibovu. Kila baada ya muda ndege hupita juu ya bati, na mazungumzo husimama.

Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," nikamweleza haja yangu. Akaniuliza, "Katibu, wataka nikutengenezee, au wataka ujue kutengeneza?"

Nikamjibu kuwa chama kina matawi, na tukinunua kimoja kila kikiharibika tutarudi kwake.

Akasema, "Basi kaa. Shika wewe pasi ya kulehemu. Mimi nitashika bakora."

YALIYOMO NDANI YA KISANDUKU

Kazi zake ni tatu, na nitazieleza moja moja ili kijana yeyote wa tawi aweze kufuata.

Kazi ya kwanza ni kuchukua sauti kutoka redioni kuipeleka kompyuta. Sauti itokayo tundu la spika ya redio ni kubwa mno kwa tundu la maikrofoni la kompyuta. Huipunguza kwa rezista mbili, moja ya oumu 10,000 ikikaa njiani na nyingine ya oumu 1,000 ikikaa baina ya waya na ardhi, upande wa kompyuta.

Kazi ya pili ni kuchukua sauti kutoka kompyuta kuipeleka redioni. Hapa tofauti ni kubwa zaidi. Tundu la hedifoni la kompyuta laweza kutoa volti nzima, ilhali maikrofoni ya redio imezoea sehemu chache za elfu za volti. Kwa hivyo rezista ya njiani ni ya oumu 10,000, na ya kwenda ardhini ni ya oumu 100. Sauti hupungua mara mia moja hivi, na kilichobaki ndicho redio inachokitaka.

Katika njia zote mbili huwekwa transfoma ndogo ya sauti ya moja kwa moja, yaani yenye mizunguko sawa pande zote, ya oumu 600 kwa 600. Kazi yake ni kupitisha sauti bila ya kuruhusu waya wa kompyuta kugusana na waya wa redio. Fundi hakuzinunua mpya. Alifungua modemu mbili za zamani, zile za simu ya waya, akazitoa humo. Alinionyesha namna ya kuzijaribu: tia muziki mdogo wa simu yako upande mmoja, weka hedifoni upande wa pili. Ukisikia muziki kwa ukubwa uleule, transfoma ni nzima na ni sawa pande zote. Kila njia hutiwa pia kapasita ya maikrofaradi moja, kwa sababu tundu la maikrofoni, la redio na la kompyuta pia, aghalabu huwa na umeme mdogo wa kulishia maikrofoni, na umeme huo haufai kupita katika transfoma.

Kazi ya tatu ni kubonyeza kitufe cha kusemea. Mtu akitaka kusema na redio hubonyeza kitufe, na kompyuta haina kidole. Tulitumia kebo ya USB yenye kichwa cha zamani cha matundu tisa. Waya wa namba 7 wa kichwa hicho hupanda umeme kila programu inapotaka kusema, na namba 5 ni ardhi. Umeme huo hupita rezista ya oumu 1,000 ukawasha kitaa kilichofichwa ndani ya kidude kiitwacho optokapla, namba yake 4N35. Upande wa pili wa kidude hicho mna transista inayoona mwanga, nayo hufunga kitufe cha redio. Hapa pia hakuna waya unaovuka, kilichovuka ni mwanga tu. Dayodi ndogo ya 1N4148 hutiwa kinyume sambamba na kitaa ili umeme ukigeuka usikiunguze. Kwa redio za zamani sana ambazo kitufe chake hupitisha umeme mwingi, lazima iongezwe rilei.

Angalieni: kebo nyingine za USB zinazouzwa siku hizi hazina kichwa cha matundu tisa bali vijiti vitupu, na hizo hufanya kinyume. Waya wake hukaa juu wakati wa kimya na hushuka wakati wa kusema. Ukiziunga kama nilivyoeleza, redio itasema wakati wa kunyamaza na kunyamaza wakati wa kusema.

Tulitia vitu vyote katika kopo la kahawa la bati, maana bati huzuia mawimbi ya redio yasiingie katika waya mwembamba. Vitu vyote pamoja, ukitoa kompyuta na redio ambazo tunazo, havikuzidi nauli yangu ya boti ya kwenda na kurudi. Risiti ziko ofisini na kila mwanachama ana haki ya kuziona.

MAKOSA TULIYOYAFANYA

Afadhali niseme wazi makosa yangu, ili yasirudiwe matawini.

Kosa la kwanza lilikuwa la haraka. Siku ya kwanza nilimwomba Fundi tujaribu kwanza bila ya transfoma, maana nilitaka kuwahi boti ya jioni. Hakunikataza, akaniacha. Tulipowasha, ukatoka mvumo kama wa nyuki mzingani, na maandishi hayakusomeka hata herufi moja. Akaniambia, "Kompyuta imechomekwa ukutani, redio imeungwa ardhini kwake. Umewapa ardhi mbili na waya mmoja, sasa umeme unazunguka baina yao." Tulipozitia transfoma, mvumo ulikatika kama taa iliyozimwa. Boti ilikwisha ondoka, nikalala Ukonga.

Kosa la pili lilitaka kuunguza redio ya mwenyewe. Tuliwasha redio kwanza, kisha kompyuta. Kompyuta ilipokuwa ikiamka, ule waya wa namba 7 ulipanda wenyewe, na taa nyekundu ya redio ikawaka ilhali hakuna aliyegusa kitu. Tangu hapo sheria yetu ni hii: kompyuta huwashwa kwanza na redio mwisho, na wakati wa kuzima redio huzimwa kwanza. Tuliweka na swichi ndogo juu ya kopo ya kukata waya wa kitufe.

Kosa la tatu lilitufanya tucheke. Katikati ya jaribio kompyuta ilipata ujumbe, ikalia ule mlio wake wa kengele, na mlio ukapita katika redio pamoja na maandishi. Dawa yake ni kununua kadi ndogo ya sauti ya USB, ikawa ya redio tu, na kelele nyingine za kompyuta zikabaki katika spika yake. Bei yake ni ndogo.

Na kosa la nne ndilo analolifanya kila mwanagenzi, nalo ni kudhani kuwa sauti kubwa hufika mbali zaidi. Ukiizidisha sauti ya kompyuta, redio huikaba, na milio ikaharibika ikawa mipana, ikawaudhi wengine na isisomeke na mwenzako. Ipunguze mpaka sindano ya ALC ikae kimya. Kadhalika milio hii haina pumzi kama maneno ya mtu, hutoka mfululizo, na redio hupata moto. Redio ya wati 100 iwekwe wati 25 au 30. Majaribio ya mwanzo yote tuliyafanya bila ya waya wa angani, tukitumia mzigo bandia unaomeza nguvu ya redio, ili tusimsumbue mtu.

SHERIA LAZIMA IJULIKANE

Wapo wanachama walioniambia, "Katibu, tukipata kitu hiki tutaulizana bei na hali ya ununuzi bila ya gharama." Ndugu zangu, hapa pana jambo la kufahamu. Redio ya ridhaa, kama ya Fundi wa Ukonga, ni ya kujifunza, ya majaribio na ya kusaidia wakati wa maafa. Kwa kanuni za dunia nzima hairuhusiwi kupitishia biashara, wala maneno ya siri. Majaribio yetu ya Ukonga aliyafanya yeye mwenyewe kwa leseni yake, mimi nikitazama. Tanzania mwenye mamlaka juu ya leseni hizi ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Redio ya chama chetu ni ya aina nyingine, ina masafa yake na leseni yake. Lakini leseni ile ilitolewa kwa sauti. Kwa hivyo niliporudi Unguja sikuigusa redio mpaka tulipoandika barua kuomba idhini ya kupeleka maandishi, na mpaka jibu likaja. Walionilaumu kwa kuchelewa nawaomba wanisamehe. Chombo kilichowekwa kwa ajili ya siku ya dhiki hakifai kuanzishwa kwa kuvunja sheria.

FAIDA YAKE KWETU

Mtu aweza kusema: mambo ya zamani haya, siku hizi kuna simu na intaneti. Ni kweli, na siku zinapofanya kazi hakuna atakayeigusa redio. Lakini sisi ni watu wa visiwa. Tangu mwaka 1879, waya wa simu wa chini ya bahari ulipoletwa Unguja, tumetegemea nyuzi zilizolala chini ya maji. Unguja ilikaa kiza kwa wiki kadhaa mwaka 2008, na tena tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa kuharibika njia ya umeme kutoka bara. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili za intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika baharini kwa pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Redio na kompyuta ndogo huendeshwa na betri ya gari, na mawimbi hayana waya wa kukatika.

Tuliunga kisanduku kimoja Unguja, na cha pili nikakipeleka mwenyewe Pemba, nikamfundisha karani wetu kwa siku mbili. Kisha nilirudi. Tulichagua kwa makusudi jioni yenye mawingu mazito na radi. Tulifungua sauti kwanza, tukaitana: tulisikia kama ule usiku, mtu anasema lakini hujui asemalo. Tukaifunga sauti, tukafungua Olivia.

Sikumwambia karani aandike nini. Kwa muda kiooni pakawa na herufi za ovyo, ndiyo kelele za radi. Kisha maneno yakaanza kutoka, herufi moja moja, kama mtu anayeandika ubaoni:

WATU SABA. WOTE WAMEOKOKA. WAMELALA KWA MVUVI.

Ofisini siku ile alikuwapo mama wa mmoja wa mabaharia wale, amekuja kwa shughuli zake za magunia. Hajui kusoma kiooni, nikamsomea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, haya ndiyo niliyokuwa nikiyangoja barazani." Akafunga kanga yake, akaenda zake.

Basi ndugu wanachama, kila tawi lichague watu wawili wanaojua kuandika kwa kompyuta, mmoja wao awe kijana na mmoja awe mtu wa kukaa karibu na ofisi usiku. Mafunzo yatakuwa ofisini kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Tawi litoe betri nzima ya gari na kopo tupu la kahawa, na vilivyobaki chama kitavitafuta. Matundu ya maikrofoni ya redio hayafanani, kila kampuni ina mpango wake, kwa hivyo mje na kitabu cha redio yenu. Msiziamini rangi za nyaya.

Kwa Fundi wa Ukonga twatoa shukrani. Alipoulizwa ujira wake alisema tumpelekee karafuu kidogo za kutia katika chai. Tumempelekea.

Wabillahi tawfiq.